Kunyoosha misuli kwa mkimbiaji: panaposaidia, na pale jeraha linapotaka tiba nyingine

Mkimbiaji akisema kano ya kisigino inamuuma, wenzake wa jogingi watamwambia anyooshe. Anayeamka asubuhi na kushindwa kukanyaga kwa maumivu ya kisigino ataambiwa anyooshe. Anayeumwa mfupa wa ugoko, anayeumwa goti upande wa nje, aliyechanika msuli wa nyuma ya paja juzi tu, wote watapewa dawa hiyo hiyo. Kati yao yupo atakayepata nafuu ya kweli, wapo watakaopoteza muda, na wapo watakaozidisha jeraha kwa mikono yao wenyewe. Tofauti inatokana na kitu kilichoumia: msuli, kano, utando wa unyayo na mfupa ni vitu vinne tofauti, na kila kimoja hupokea mvutano kwa namna yake.

Ukiegemea ukuta, mguu mmoja nyuma, ukahisi kigimbi kinavuta, ndani ya sekunde chache mvutano hulegea kidogo na unaweza kusogea mbele zaidi. Ukirudia kwa wiki tano au sita utafika mbali kuliko ulivyoanza. Wengi huamini kwamba msuli umerefuka. Vipimo vinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko hayo, hasa wiki za mwanzo, iko kwenye mfumo wa fahamu: ubongo umezoea hisia ya kuvutwa, na sasa unakiachia kiungo kiende mbali zaidi kabla ya kuleta maumivu. Nyama ya msuli yenyewe hubadilika kidogo, na kano hubadilika kwa kiasi kidogo zaidi.

Hilo si jambo la kudharau. Kiungo kinachokwenda mbali bila kubana ni faida kwa mtu anayekaa ofisini saa nane, au anayeshika usukani wa daladala mchana kutwa. Lakini kuvumilia kuvutwa ukiwa umetulia hakumaanishi mguu umepata uwezo wa kubeba mzigo, na majeraha mengi ya mbio ni ya mzigo. Mguu unapotua, ardhi huusukuma kwa nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili. Kwa mwendo wa hatua 170 kwa dakika, mtu anayekimbia saa moja anapiga hatua 10,200, yaani 5,100 kwa kila mguu. Kano ya kisigino, inayobeba mvutano wa mara 6 au zaidi ya uzito wa mwili katika kila hatua, haiumii kwa sababu kigimbi hakikunyooshwa asubuhi hiyo. Inaumia kwa sababu mtu aliyekuwa anakimbia kilomita 15 kwa wiki amepanda hadi 35 ndani ya wiki tatu, kwa kuwa mbio alizojiandikisha zimekaribia.

Ushahidi

Utafiti mmoja mkubwa, uliochapishwa mwaka 2000, uliwafuatilia makuruta 1,538 wa jeshi la Australia kwa wiki 12 za mafunzo. Wote walipasha mwili joto kabla ya mazoezi. Kundi moja liliongeza kunyoosha misuli sita ya miguu, sekunde 20 kila mmoja. Kundi la pili halikunyoosha. Mwisho wa mafunzo hapakuwa na tofauti ya maana ya majeraha kati ya makundi hayo. Kilichotabiri nani ataumia ni utimamu wa mwili: walioingia wakiwa dhaifu kwenye kipimo cha mbio ndio walioumia zaidi.

Mwaka 2014, uchambuzi uliokusanya tafiti 25 zenye washiriki zaidi ya 26,000 ulifika hapo hapo kwa njia pana zaidi. Kunyoosha peke yake hakukupunguza majeraha. Mazoezi ya nguvu yaliyapunguza hadi chini ya theluthi moja. Kuhusu maumivu ya misuli ya siku inayofuata, yale yanayomfanya mtu ashuke ngazi akishikilia ukuta, uchambuzi mwingine wa mwaka 2011 ulikuta kwamba kunyoosha kabla au baada ya mazoezi hupunguza maumivu hayo kwa kiasi kidogo mno, kiasi ambacho mtu wa kawaida hatakigundua.

Kwa hiyo mkimbiaji mwenye saa moja tu kwa wiki ya kutunza miguu yake, mbali na kukimbia, dakika 40 aziweke kwenye nguvu na 20 kwenye kunyoosha. Anayefanya kinyume, kama wengi wafanyavyo, anapata miguu inayokunjika vizuri na isiyostahimili mzigo.

Kuna jambo lingine ambalo huwashangaza watu. Mkimbiaji hahitaji kulainika kupita kiasi. Kano ya kisigino hufanya kazi kama springi: inavutika mguu unapotua, inahifadhi nishati, kisha inairudisha mguu unapoondoka. Kano iliyokaza kiasi inarudisha nishati vizuri, na baadhi ya vipimo vya wakimbiaji wa masafa marefu vimeonyesha kwamba walio wagumu zaidi kwenye nyonga na kifundo cha mguu hutumia oksijeni kidogo kwa mwendo ule ule. Anayeweza kugusa vidole vya miguu kwa shida asijione mgonjwa. Swali la kujiuliza ni kama viungo vyake vinafika pale mbio zinapovitaka vifike.

Jipime kwanza

Viungo viwili vinastahili kupimwa kabla ya kupanga chochote.

Cha kwanza ni kifundo cha mguu. Simama peku ukiutazama ukuta. Weka kidole gumba cha mguu sentimita 10 kutoka ukutani. Tumia rula au futi ya fundi cherehani. Bila kuinua kisigino, peleka goti mbele ligusane na ukuta, likielekea usawa wa kidole cha pili cha mguu. Likigusa, rudisha mguu nyuma sentimita moja na ujaribu tena, hadi goti lishindwe au kisigino kinyanyuke. Umbali wa mwisho uliofanikiwa ndio kipimo chako. Sentimita 10 au zaidi inatosha kwa mbio. Ukiwa chini sana ya hapo, au mguu mmoja umeachwa na mwenzake kwa sentimita 2 au zaidi, hapo kunyoosha kigimbi kuna kazi ya kufanya. Angalia pia unahisi nini unaposhindwa: kigimbi kikivuta kwa nyuma, tatizo ni msuli, ukihisi kitu kinabana mbele ya kifundo, kiungo chenyewe ndicho kilichokwama, mara nyingi baada ya kuteguka zamani, na kunyoosha kigimbi hakutakifungua.

Cha pili ni sehemu ya mbele ya nyonga. Kaa ukingoni mwa meza imara, lala chali, kumbatia goti moja kifuani na uache mguu wa pili uning'inie. Paja la mguu unaoning'inia linapaswa kushuka hadi usawa wa meza. Likibaki juu, misuli ya mbele ya nyonga imebana, jambo la kawaida kwa anayekaa muda mrefu. Mtu huyu akikimbia, paja halirudi nyuma vya kutosha, na mwili hufidia kwa kupinda kiuno. Ndiyo maana baadhi ya wakimbiaji hulalamikia mgongo wa chini baada ya kilomita nyingi.

Kabla ya kukimbia: mwendo

Kunyoosha kwa kutulia, yaani kushika mkao mmoja bila kusogea, kukizidi sekunde 60 kwa msuli mmoja hupunguza nguvu ya msuli huo kwa muda. Chini ya sekunde 30 athari ni ndogo mno. Kwa hiyo aliyezoea kunyoosha kidogo kabla ya kutoka hajiharibii kitu, lakini asidhani amejipasha joto. Misuli hupata joto kwa kufanya kazi.

Ukitaka kuona namna sahihi ya kuanza, tazama makundi ya asubuhi ya Iten, huko Elgeyo-Marakwet nchini Kenya, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi ambako alfajiri ni baridi kweli. Watu wanaoweza kukimbia kilomita moja kwa dakika tatu huanza kwa mwendo wa kujikokota, mwendo ambao hata mgeni anaumudu, na kasi hupanda yenyewe kadiri miguu inavyochangamka. Mkimbiaji wa mtaani mara nyingi hufanya kinyume: anatoka getini kwa kasi yake ya mwisho kwa sababu saa ya mkononi imeshaanza kuhesabu.

Kwa mbio za taratibu, dakika 8 hadi 10 za mwanzo za kujikokota zinatosha. Kwa siku ya kasi au ya vilima, baada ya dakika hizo ongeza mwendo wa viungo. Shika nguzo au mti, pembea mguu mbele na nyuma mara 12, kisha upande kwa upande mara 12, kila mguu. Piga hatua ndefu za kuchuchumaa, 10 kwa jumla, mwili ukiwa wima. Panda kwa vidole na kushuka mara 15. Kimbia mita 20 ukiinua magoti, na mita 20 visigino vikigusa makalio. Malizia kwa mikimbio mitatu au minne ya mita 80 hivi, ukipandisha kasi polepole hadi karibu na ile utakayoitumia. Kosa la kawaida hapa ni kupembea mguu kwa kuurusha. Anza mpembeo mdogo, uongezeke wenyewe. Msuli baridi unaorushwa ghafla ndio huo unaochanika.

Baada ya kukimbia, au jioni: kutulia

Kunyoosha kwa kutulia kuna nafasi yake wakati mwili una joto. Kila mkao ushikwe sekunde 30, urudiwe mara mbili kwa kila mguu, siku tatu hadi tano kwa wiki. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, mvutano uwe 4 au 5. Ukilazimika kuzuia pumzi umepita kiasi, na msuli utajikaza kujilinda.

Kigimbi kinataka mikao miwili, na wengi hufanya mmoja tu. Kina misuli miwili mikubwa: wa juu unapita nyuma ya goti, wa chini unaanzia chini yake. Goti likinyooka unavuta wa juu. Wa chini, ambao ndio mchapakazi mkuu wa mbio za masafa, haupati sehemu yake hadi ukunje goti. Simama na mguu wa nyuma ukiwa umenyooka, kisigino sakafuni, sekunde 30. Kisha sogeza mguu huo karibu na ukuta, kunja goti, kisigino kibaki chini, sekunde 30 nyingine. Mvutano wa mkao wa pili husikika chini zaidi, karibu na kano. Sasa tazama vidole vya mguu wa nyuma: kwa watu wengi vimegeukia nje bila wao kujua, na mguu ukigeuka hivyo wayo hulala upande wa ndani, upinde wa unyayo ndio unaovutwa na kigimbi hakipati kitu. Vidole vitazame ukuta moja kwa moja.

Mbele ya nyonga: piga goti moja juu ya mto au kanga iliyokunjwa, mguu wa pili mbele. Kabla ya kusogea popote, kaza kalio la upande wa goti lililo chini na vuta kinena kuelekea kitovu. Mara nyingi hapo hapo utahisi mvutano mbele ya paja bila kusogea hata sentimita moja. Anayesukuma nyonga mbele huku mgongo umepinda anajiona amefika mbali, kumbe aliyesogea ni uti wa mgongo.

Kwa nyuma ya paja, lala chali, zungushia unyayo kanga, inua mguu goti likiwa limekunjwa kidogo, na vuta hadi uhisi mvutano katikati ya paja. Ukiuhisi nyuma ya goti, au ukisikia ganzi inashuka mguuni, unavuta mshipa wa fahamu. Kunja goti zaidi na ulegeze vidole. Mbele ya paja ni ule mkao wa kusimama na kushika kifundo nyuma ya makalio, magoti yakiwa karibu karibu.

Jeraha likishaingia

Kano ya kisigino ndiyo inayohitaji umakini mkubwa kuliko zote, kwa sababu ina maumivu ya aina mbili yanayofanana kwa anayeumwa na kutofautiana kwa tiba. Bana kano kwa kidole gumba na cha shahada, ukishuka taratibu kutoka juu. Sehemu inayouma zaidi ikiwa sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, ni aina ya katikati. Ikiwa pale kano inapojishikiza kwenye mfupa, ni aina ya mwisho wa kano.

Kwa aina ya katikati, kilichobadilisha tiba ni kazi ya watafiti wa Uswidi iliyochapishwa mwaka 1998. Mgonjwa husimama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya mguu, hupanda kwa mguu usioumwa, kisha hushuka polepole kwa ule unaoumwa, kisigino kikipita chini ya usawa wa ngazi. Seti 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka, seti 3 za mara 15 goti likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku: jumla 180 kila siku kwa wiki 12. Zoezi likiacha kuuma, uzito huongezwa kwa begi la mgongoni, kilo 5 kwa wakati. Siku hizi wataalamu wengi huchagua ratiba nyepesi kwa muda wa mtu: mara tatu kwa wiki, kupanda na kushuka polepole kwa uzito mkubwa zaidi, na matokeo yanalingana. Kwa njia yoyote, nguvu ndiyo inayoijenga kano. Wiki mbili za mwanzo maumivu huweza kuongezeka kidogo, na wengi huacha hapo hapo, kabla kano haijapata muda wa kubadilika.

Kwa aina ya mwisho wa kano, zoezi hilo hilo likifanywa ngazini huumiza. Kisigino kinaposhuka chini ya usawa, kano hubanwa dhidi ya mfupa wa kisigino, na kano iliyochokozwa haivumilii kubanwa. Kunyoosha kigimbi ukutani hufanya vile vile. Huyu anatakiwa afanye mazoezi ya kupanda na kushuka sakafuni tu, asinyooshe kigimbi kwa wiki kadhaa, na aweke kipande cha mpira cha unene wa sentimita 1 chini ya kisigino ndani ya viatu vyote viwili. Watu wengi wenye aina hii wamenyoosha kwa miezi wakishangaa mbona hawaponi.

Kanuni ya kubanwa inaeleza pia majeraha mengine mawili. Maumivu ya chini ya kalio, pale kwenye mfupa wa kukalia, yanayozidi ukikaa kwenye benchi gumu au ukiendesha gari muda mrefu, ni ya kano ya msuli wa nyuma ya paja. Mgonjwa huhisi kumekaza, hivyo huinama kugusa vidole kila saa, na kila anapoinama anaibana kano kwenye mfupa huo. Aache. Badala yake alale chali, visigino vikiwa juu ya kiti, ainue nyonga na ashike hapo sekunde 30 hadi 45, mara 4 au 5, kila siku. Ndugu yake ni maumivu ya upande wa nje wa nyonga, yanayomzuia mtu kulalia upande huo. Kukunja nne na kuvuta goti kuelekea bega la pili, mkao unaopendwa sana, hubana kano za makalio juu ya nundu ya mfupa wa paja. Mgonjwa huyu aache pia kusimama ameegemea nyonga moja, na alale na mto katikati ya magoti.

Kisigino kinachouma hatua za kwanza za asubuhi, kisha kikalegea ukishatembea, kwa kawaida ni utando wa unyayo. Hapa kunyoosha kunasaidia kweli, ila kuna namna yake. Kabla hujakanyaga chini, kaa kitandani, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole vyote kwa mkono na uvivute kuelekea ugoko. Kwa gumba la mkono wa pili gusa katikati ya unyayo. Ukikuta uzi mgumu umesimama, umefika. Shika sekunde 10, rudia mara 10, na ufanye hivyo mara tatu kwa siku. Usitembee peku kwenye vigae au saruji. Weka viatu laini kando ya kitanda.

Kisha ongeza nguvu. Viringisha taulo dogo, liweke chini ya vidole ukiwa kwenye ngazi, panda kwa sekunde 3, shika sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Anza na seti 3 za mara 12, siku moja ufanye, moja upumzike, ukiongeza uzito kwenye begi kadiri unavyoweza. Utafiti wa Denmaki wa mwaka 2014 ulilinganisha zoezi hili na kunyoosha: baada ya miezi mitatu waliofanya nguvu walikuwa mbele, baada ya mwaka makundi yalikuwa sawa. Aliye na subira atapona kwa njia zote mbili, anayetaka kurudi barabarani mapema afanye zote.

Maumivu ya nje ya goti yanayoanza kilomita ile ile kila mara, na kuzidi kwenye miteremko, hutokana na ukanda mnene unaoshuka kutoka nyonga hadi chini ya goti. Ukanda huo umeshikamana na mfupa wa paja kwa urefu wake wote; haunyooshwi ukarefuka. Punguza miteremko, imarisha nyonga kwa kulala ubavu na kuinua mguu, na usikimbie kila siku upande ule ule wa barabara ya lami, kwani lami hulala pembeni na mguu mmoja hukanyaga chini zaidi ya mwenzake. Kwa maumivu ya mbele ya goti, ongeza idadi ya hatua kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10 bila kuongeza kasi. Hatua fupi hupunguza mzigo wa goti papo hapo.

Ugoko ndio unaohitaji hofu kidogo. Pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa mfupa. Eneo linalouma likiwa refu, zaidi ya sentimita 5, na maumivu yakipungua ukipumzika siku chache, mara nyingi ni uchokozi wa ganda la nje la mfupa: punguza mbio, imarisha vigimbi. Lakini maumivu yakiwa kwenye nukta moja unayoweza kuifunika kwa kidole, yakikuamsha usiku, au ukishindwa kuruka kwa mguu mmoja, huenda mfupa umeanza kupata ufa. Acha kukimbia siku hiyo hiyo na uende hospitali. Eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo inaweza kuonekana safi wakati ufa upo, kwa hiyo picha safi isikurudishe barabarani kama dalili zinaendelea. Kwa mwanamke ambaye hedhi imekatika, na kwa yeyote anayekimbia sana akila kidogo, hatari hii ni kubwa zaidi, na chakula ni sehemu ya tiba.

Msuli uliochanika usinyooshwe siku mbili tatu za mwanzo, wala usichuliwe kwa nguvu kwa dawa ya moto. Nyuzi zinazoanza kuungana zinatenganishwa upya. Tembea kadiri maumivu yanavyoruhusu, kisha anza kuukaza msuli bila kusogeza kiungo, na baadaye uupe kazi ukiwa umerefuka. Wachezaji wa mpira wa Uswidi waliofanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2013 walirudi mazoezini kwa wastani wa siku 28 kwa mazoezi ya nguvu ya msuli uliorefuka, dhidi ya siku 51 kwa mazoezi ya kawaida.

Kurudi barabarani

Maumivu yana kipimo chake. Kwa kano na unyayo, maumivu ya hadi 3 kati ya 10 wakati wa zoezi yanakubalika, mradi asubuhi inayofuata yasiwe juu kuliko asubuhi iliyotangulia. Yakiwa juu, mzigo wa jana ulizidi. Punguza uzito au idadi, usiache kabisa. Kwa mfupa hakuna maumivu yanayokubalika. Dawa za kutuliza maumivu kabla ya kukimbia zinakunyang'anya kipimo hiki, kwa hiyo usizimeze ili umalize kilomita.

Usianze kukimbia kabla hujaweza kutembea haraka dakika 30 bila maumivu na, kwa jeraha la kigimbi au kano, kupanda kwa kidole cha mguu mmoja mara 20 hivi. Siku ya kwanza kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8. Pumzika siku moja. Asubuhi ikiwa njema, nenda dakika 2 kwa 2, kisha 3 kwa 1, ukipanda ngazi moja baada ya mafunzo mawili yaliyopita salama, hadi ufike dakika 25 mfululizo. Ongeza muda kwanza. Kasi na vilima vije mwisho, kwa sababu ndivyo vinavyovuta kano kuliko kitu kingine. Mazoezi ya kigimbi, nyonga na mapaja yabaki mara mbili kwa wiki hata baada ya maumivu kuisha, kwani dalili huondoka wiki nyingi kabla nguvu ya mguu ulioumia haijaufikia mwenzake. Hesabu mara ngapi kila mguu unapanda kwa vidole kabla ya kuchoka: pengo likiwa bado lipo, kazi haijaisha.